Waite Watu Wako Uwaambie: Ushauri kwa Anayetaka Kutoa Damu, Figo au Macho

Mtu wa Moi's Bridge ambaye figo zake zimekufa huishi kwa ratiba ya mashine. Mara 2 kwa wiki huamka usiku wa manane, hupanda matatu inayopitia Matunda na Soy kwenda Eldoret, au hushika njia ya Kitale, kisha hulala kando ya mashine kwa saa 4 hivi damu yake ikisafishwa. Jioni hurudi amechoka, jembe halishikiki. Kesho yake hupumzika, na keshokutwa anajiandaa tena kwa safari. Kwa mwaka hivyo ni vipindi 104. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliweka malipo ya shilingi 10,650 kwa kipindi kimoja, na ukipiga hesabu utaona mgonjwa mmoja anatumia zaidi ya shilingi milioni 1 kwa mwaka ili tu aendelee kuwa pale alipo. Nauli, chakula na siku za kazi zinazopotea zinabaki mzigo wa nyumbani kwake.

Mgonjwa huyo akipandikizwa figo nzuri, mashine anaiaga. Atameza dawa maisha yake yote ili mwili usiikatae figo ya mwenzake, na ataendelea kwenda kliniki, lakini atalima, atafundisha, ataendesha duka lake na kulea watoto wake.

Sisi watu wa huku si wachoyo. Mgonjwa akitangazwa kanisani, msikitini au kwenye kikundi cha WhatsApp, wiki haiishi kabla kamati haijaundwa, mweka hazina hajachaguliwa na namba ya paybill haijasambazwa. Mwenye mahindi ataleta gunia lipigwe mnada, na asiye na kitu atatoa mia yake ya mwisho. Lakini katika harambee hizo swali lililo kiini cha mambo huulizwa kwa kunong'ona, au haliulizwi kabisa: figo yenyewe itatoka kwa nani? Pesa hulipa daktari, kitanda na dawa. Figo haiko dukani, na sheria imekataza iwe dukani. Itatoka katika mwili wa binadamu aliyekubali, na kwa sasa karibu figo zote zinazopandikizwa nchini Kenya hutoka kwa watu walio hai, wengi wao wakiwa ndugu wa mgonjwa.

Ukiniuliza uanzie wapi, nitakwambia anza na damu. Mtu mwenye afya, wa umri kati ya miaka 16 na 65 na uzito usiopungua kilo 50, anaweza kutoa. Mwanamke mjamzito au anayenyonyesha angoje kwanza. Huchukuliwa kiasi cha mililita 450, sindano haikai mkononi kwa zaidi ya dakika 10 au 15, na mwanamume anaweza kurudi baada ya miezi 3, mwanamke baada ya miezi 4. Damu hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini na kaswende kabla haijamfikia mgonjwa. Eldoret ina kituo cha kanda cha huduma ya damu, ile huduma ya kitaifa iliyoanzishwa baada ya bomu la Nairobi la tarehe 7 Agosti 1998 kuonyesha jinsi taifa linavyohitaji damu iliyo tayari kabla ya msiba.

Kuna jambo moja kuhusu damu ambalo watu wengi hawalijui, nami nataka lijulikane hapa kwetu. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya damu ya Kenya imetolewa na wanafunzi wa shule za sekondari. Shule zikifungwa mwezi wa Aprili, Agosti na Desemba, watoaji hutawanyika makwao na akiba hupungua. Na Desemba ndio mwezi wa magari mengi na ajali nyingi kwenye barabara ya Eldoret na Kitale. Chembe nyekundu hukaa kwenye friji wiki 5 au 6, na chembe za kugandisha damu hukaa siku 5 tu, kwa hiyo huwezi kuweka akiba ya mwaka mzima. Watu wazima wa Moi's Bridge ndio wanaoweza kuziba pengo hilo. Chama cha wanabodaboda, kikundi cha akina mama, kwaya, walimu wa shule moja: chagueni siku mbili au tatu kwa mwaka, zikiwemo siku za likizo, muende pamoja. Msingoje mpaka mgonjwa wenu awe kitandani na muuguzi anawaambia, "Leteni watu wa kutoa damu." Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hawezi kusubiri mjomba atoke Turbo.

Sasa figo. Binadamu wengi huzaliwa na figo 2, na figo 1 yenye afya inatosha. Iliyobaki hutanuka kidogo na kuongeza kazi. Tarehe 23 Desemba 1954, mjini Boston, Marekani, daktari Joseph Murray alimpandikiza Richard Herrick figo iliyotolewa kwa Ronald, pacha wake wa kufanana. Huo ndio upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa. Richard aliongezewa miaka 8, akaoa, akapata watoto. Ronald, aliyetoa, alikuwa mwalimu wa hesabu na mkulima. Aliishi miaka 56 kwa figo 1, akafariki mwaka 2010 akiwa na umri wa miaka 79. Huwa nawatajia Herrick wale wanaosema kwamba mtu wa shamba akitoa figo amekwisha.

Hata hivyo sitakudanganya kwamba ni jambo dogo. Ni upasuaji mkubwa unaofanyiwa mtu ambaye si mgonjwa. Takwimu za Marekani zilionyesha kuwa watoaji wapatao 3 kati ya kila 10,000 hufariki kutokana na upasuaji huo. Ndiyo maana vipimo ni vingi: kundi la damu, ulinganifu wa tishu, mkojo, moyo, presha, sukari, virusi, picha za figo zenyewe na hali ya akili. Mwenye kisukari hukataliwa, na mwenye presha mara nyingi hukataliwa pia, kwa sababu figo yake iliyobaki iko hatarini. Ukikataliwa usione umedharauliwa, wamekuokoa. Mwanamke anayetarajia kuzaa bado amweleze daktari mapema, maana mimba baada ya kutoa figo inahitaji kuangaliwa kwa karibu zaidi kwa ajili ya presha.

Panga pia kwa kalenda ya hapa. Baada ya upasuaji utakaa hospitali siku chache, kisha hutabeba kitu kizito kwa wiki 4 hadi 6. Kama hali ya mgonjwa inaruhusu, usiingie chumba cha upasuaji mwezi wa Machi mvua ikinyesha na shamba linangoja mbegu, wala wakati wa kuvuna na kupiga mahindi. Na hapa ndipo harambee ina kazi ambayo huwa inasahauliwa: mtoaji naye ana watoto wa kulisha, ana karo, ana ng'ombe wa kukama. Kamati ya mgonjwa iweke fungu la kumsaidia mtoaji apate chakula na mtu wa kumfanyia kazi wakati anapona. Kufidia gharama zake na siku alizopoteza si kununua figo yake.

Jambo lingine linaniuma, na sijaona likisemwa vya kutosha. Familia ikikaa kutafuta mtoaji, macho huelekea kwa yule asiye na sauti: kijana asiye na kazi, binti ambaye hajaolewa, mke mdogo. "Wewe una nini cha kupoteza?" Huo ni uonevu. Kila anayefikiriwa kutoa ana haki ya kuonana na daktari peke yake, bila kaka mkubwa mlangoni, na ana haki ya kusema hapana hadi dakika ya mwisho. Daktari muungwana atawaambia wengine kwamba vipimo havikufaa, na mambo yataishia hapo. Ndugu wakubwa, tangulieni nyinyi kupimwa.

Siwezi kuandika habari za figo nikiwa upande huu wa nchi bila kutaja yaliyotokea Eldoret. Mwezi Aprili 2025, baada ya vyombo vya habari vya Ujerumani kuchapisha uchunguzi kuhusu biashara ya figo, Wizara ya Afya ilisimamisha huduma za kupandikiza figo katika hospitali moja ya binafsi mjini humo, na kamati ya wataalamu ikateuliwa chini ya Profesa Elizabeth Bukusi. Katika uchunguzi huo kijana mmoja wa magharibi mwa Kenya alisimulia kwamba aliahidiwa dola 6,000 akapewa 4,000, na baadaye afya yake ikazorota. Tangu hapo watu wengi wakisikia neno figo wanafikiria mabroka, na ukisema "kutoa kiungo" wanakuangalia kwa jicho la shaka. Siwalaumu. Lakini woga huo usituzuie kutofautisha anayeuza na anayetoa.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inasema wazi: kiungo hutolewa katika hospitali iliyoidhinishwa, kwa ridhaa ya maandishi, na anayekifanyia biashara anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 10 au kufungwa hadi miaka 10, au vyote viwili. Kwa hiyo mtu akikufuata kwenye stendi, kwenye kilabu au kwa simu akakuahidi laki kadhaa, akikutaka useme kwamba mgonjwa usiyemjua ni binamu yako, akikupa karatasi za Kiingereza utie sahihi bila kukusomea, au akiharakisha mambo yaishe ndani ya siku chache, ondoka. Atakayefuatilia presha yako miaka 10 ijayo si broka. Ndugu mzazi, kaa na vijana wako uwaambie hayo kabla hawajaambiwa vingine na mabroka.

Yako pia yanayotolewa baada ya kufa, na hapa ndipo wengi wetu tunaweza kusaidia bila kupoteza chochote.

Cha kwanza ni konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho kama kioo cha saa. Ikipata kovu au ikichongoka, kama inavyowapata vijana wengi wenye ugonjwa wa keratokonasi, mtu anaweza kuwa kipofu ilhali jicho lake lote la ndani ni zima. Konea haihitaji moyo unaopiga, na huchukuliwa saa chache tu baada ya kifo. Mzee wa miaka 70 anaweza kuitoa, na aliyevaa miwani maisha yake yote anaweza pia. Upandikizaji wa konea ulifanikiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1905, zamani kuliko wa figo. Nairobi, hospitali ya macho ya Lions iliyoko Loresho imefanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na kwa muda mrefu nchi yetu imetegemea konea zilizoletwa kwa ndege kutoka ng'ambo. Fikiria hilo: familia isiyotujua, mbali huko, inakubali macho ya marehemu wao yamfungue macho mtoto wa Kenya, na sisi tunazika yetu.

Kingine ni mwili mzima kwa ajili ya mafunzo. Eldoret kuna chuo cha udaktari cha Moi, na kila daktari anayetupasua alijifunza kwanza kwenye mwili wa mtu. Mwenye nia hiyo azungumze na idara ya anatomia akiwa hai na aandikishe.

Halafu kuna viungo vya mtu ambaye ubongo wake umekufa kabisa, kwa mfano baada ya kuumia kichwa barabarani, huku mashine ikimpulizia hewa na moyo ukiendelea kupiga. Mfano mashuhuri wa jambo hili ulitoka hapa Afrika. Tarehe 2 Desemba 1967, mjini Cape Town, msichana wa miaka 25, Denise Darvall, aligongwa na gari akivuka barabara na mama yake. Mama alikufa papo hapo. Madaktari wa hospitali ya Groote Schuur walimwambia baba, Edward Darvall, kwamba binti yake hataamka, wakamuomba moyo na figo zake. Alifikiri kwa dakika 4 akakubali. Usiku huo Christiaan Barnard alimpandikiza Louis Washkansky moyo wa Denise, naye akaishi siku 18. Figo moja ilipewa mtoto wa miaka 10, Jonathan van Wyk, ambaye chini ya sheria za ubaguzi wa rangi za Afrika Kusini hakuruhusiwa hata kukaa benchi moja na Denise. Hapa Kenya upandikizaji wa namna hii bado haujawa huduma ya kawaida, lakini sheria ya 2017 imeufungulia mlango, na siku hospitali zetu zitakapokuwa tayari, zitakuta nini kwetu? Zitakuta familia iliyopigwa na msiba inayoulizwa swali ambalo haijawahi kulisikia, na itakataa. Hata mimi ningekataa.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa hauhusu hospitali. Unahusu ukoo.

Wakenya wa rika langu hawawezi kusahau kesi ya S. M. Otieno. Wakili huyu alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alisema mumewe alitaka azikwe kwake karibu na Nairobi, na mashahidi wakaja kusema kwamba waliwahi kumsikia akisema hivyo. Ukoo wake wa Umira Kager ulisema mwana wao atazikwa Nyalgunga, Siaya, kwa mila. Mwili ulikaa mochari miezi 5 kesi ikipanda na kushuka mahakamani, na tarehe 23 Mei 1987 Otieno alizikwa Nyalgunga. Mtu aliyejua sheria kuliko karibu wote walioshika jeneza lake alishindwa kutimiziwa neno lake, kwa sababu aliwaambia baadhi na hakupatana na wale waliokuwa na nguvu siku ya kuzika.

Ile ilikuwa kesi ya mahali pa kaburi, na sheria ya viungo leo ni nyingine. Inamruhusu mtu mzima kutoa mwili au kiungo chake kwa wosia, au kwa hati iliyotiwa sahihi mbele ya mashahidi 2, au hata kwa kutamka kwa mdomo mbele ya mashahidi 2. Anaweza pia kubadilisha nia yake. Asiposema chochote, uamuzi hurudi kwa mwenzi wake, kisha mtoto mkubwa, mzazi, na kuendelea hivyo. Lakini daktari hatapigania jicho la marehemu na wazee 10 waliosimama mlangoni mwa mochari. Karatasi peke yake haitoshi katika nchi yetu.

Basi fanya hivi. Ngoja siku ambayo watu wako wamekutana kwa heri: kulipa mahari, sherehe ya vijana kutoka jandoni, Krismasi au Idi. Usichague siku ya matanga, maneno ya siku hiyo huchukuliwa kama uchuro. Omba nafasi ya kusema, na umtangulize mzee anayesikilizwa, awe mjomba, shangazi au mzee wa boma, uliyemwendea faragha mapema ukamweleza. Taja kiungo kwa jina: "Nikifa, konea za macho yangu wapewe wasioona. Kama zinahitajika figo, wachukue." Usiseme kwa mafumbo. Acha waulize, acha wakasirike. Kisha andika, utie sahihi, nao mashahidi watie, mmoja atoke upande wa ukoo na mmoja upande wa mwenzi wako. Nakala moja ikae na mwenzi, nyingine na huyo mzee, na namba ya simu ya mtu wa kupigiwa ikae pamoja na kitambulisho chako, kwa sababu konea haingoji kamati ya mazishi ikutane.

Watakuuliza kama utazikwa bila macho. Wajibu kwamba kinachotolewa ni utando mwembamba, kope hufungwa, na jeneza litafunguliwa watu wapite waage kama kawaida. Watakuuliza kama madaktari watakuacha ufe ili wachukue. Kanuni za Shirika la Afya Duniani zinataka madaktari wanaothibitisha kifo wasiwe wale wanaotoa au kupandikiza kiungo. Kuhusu dini, Papa Yohane Paulo wa Pili aliwahutubia madaktari wa upandikizaji huko Roma mwezi Agosti 2000 akasifu utoaji wa viungo kuwa tendo la upendo, na mwaka 1988 Baraza la Fikihi la Kiislamu lililokutana Jeddah liliruhusu upandikizaji kwa masharti, likiwemo la kutouza. Mpelekee pasta au imamu wako swali hilo sasa, ajibu mkiwa na nafasi.

Mgumu zaidi ni yule mzee atakayesema kwamba mababu hawatampokea mtu aliyepungua. Usimcheke wala usimpe hotuba ya sayansi. Muulize mbele ya wote kama mababu walimkataa aliyepoteza mguu vitani, au mama aliyepasuliwa akaondolewa kizazi. Kisha mwache afikiri, hata mwaka mzima. Nimeona wazee wakibadilika, na wanaobadilika huwa ni wale walioulizwa kwa heshima, mwenye mwili akiwa hai na akiwa amekaa mbele yao.

Mimi wangu wameshanisikia: macho, figo na kila kitakachofaa. Wewe wa Moi's Bridge, Matunda, Soy au Ziwa unayesoma haya, Desemba hii jamaa zako watarudi nyumbani kutoka Nairobi na Mombasa. Kabla hawajaondoka, waambie. Na katika siku hizo hizo, shule zikiwa zimefungwa, jikusanyeni watu 10 mwende Eldoret mkatoe damu.